Mbuzi wa Mjomba na Vipisi vya Sigara

Wanakwaya wenzangu wa Kisauni, mmenichosha. Kila nikikanyaga mlango wa kanisa mmoja wenu ananivuta kando, "Mama Chengo, hebu nipe ya mbuzi," nikimaliza anakuja mwengine aliyesikia nusu, na nusu yenyewe si ya kweli. Juzi nimeambiwa kuwa mbuzi alifia kwenye feri. Nimeambiwa pia kuwa nilimlisha bangi. Bangi, jamani! Mimi ninayesimama mstari wa mbele kwaya nzima ikinitegemea kuanzisha wimbo! Basi nimekaa, nimeandika yote toka Miritini mpaka Timbwani. Anayetaka asome, asiyetaka aache, lakini mtu asinivute tena kanga yangu.

Matayarisho sitayaandika, maana wengi wenu mlikuwemo. Ninalotaka mlikumbuke ni moja tu. Mwanangu Chengo alikuwa amemposa Mbodze wa Timbwani, na Mbodze hana baba. Aliyemlea ni mjomba wake, Mzee Nyale, kaka wa mamake. Mzee huyo alisema tangu mwanzo kuwa hataki pesa ya simu. Anataka mbuzi jike, mzima, na kwao mbuzi wa mjomba habebwi. Lazima aingie uani kwa miguu yake mwenyewe, watu wakimwona. Akibebwa, ni kama mmeleta mgonjwa kwenye harusi, na mazungumzo hayafunguliwi.

Nasi tulikuwa tumeahirisha mara mbili. Mara ya kwanza tulifiwa, mara ya pili Chengo alinyimwa ruhusa kazini. Mzee akanipigia simu mwenyewe, sauti ya upole kabisa, ile ya upole inayotisha. "Mama Chengo, mkiahirisha tena nitajua hamumtaki mtoto wangu. Nami simlazimishi mtu." Nikamjibu kuwa tutafika, na mbuzi atafika. Nyinyi mnamjua Mbodze. Msichana yule akiniamkia husimama wima, hata kama amebeba ndoo, na nilikuwa nimeshampenda kabla mwanangu hajaniambia neno.

Miritini: mbuzi wa kaka yangu

Mbuzi alitoka kwa kaka yangu Katana, ambaye anafuga nyuma ya pale malori yanapoegeshwa. Nilifika asubuhi mapema nikamkuta amevaa shati la Jumapili, utasema ni yeye anayeoa.

"Muone Sukari," akaniambia. "Muone tumbo hilo! Huyo ana mapacha. Mwambie mkweo nimempa mbuzi watatu kwa hesabu ya mmoja."

Kwa kweli mbuzi alipendeza. Mweupe, shingo ya kahawia, na tumbo limetanuka pande zote mbili kama gunia la makaa. Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele kidogo peke yangu. Katana akatia mkono mfukoni akatoa mfuko wa nailoni umejaa vipisi vya sigara. Sukari kuvisikia tu, akaja mbio, akala kimoja, akala cha pili, akalamba kiganja.

Hapa ndipo mnaponicheka, najua. Lakini mimi sikushtuka hata kidogo. Kule Kaloleni tulikozaliwa, baba alikuwa akiwapa mbuzi jani la tumbaku ili watoe minyoo. Mfugaji gani kwetu hajui hilo? Katana alichofanya ni kuhamisha dawa ya baba kuileta mjini.

"Jani la tumbaku hapa nitalipata wapi?" akaniuliza. "Hawa madereva wanavuta usiku kucha, asubuhi naokota tu. Kila siku dozi yake. Umewahi kuona mbuzi wangu ana minyoo?"

"Na hiki cheupe cha mwisho?"

"Hiyo ni pamba, Dama. Pamba si inatoka shambani? Mbuzi gani alishindwa na kitu cha shambani?"

Nikaona ana akili. Haki ya Mungu, nilimsifu.

Pikapu iliyokuwa itubebe haikuja. Mwenyewe alisema yuko njiani, halafu akasema yuko karibu, halafu simu ikawa haipatikani. Jua likapanda. Nikimfikiria Mzee Nyale na sauti yake, napiga simu tena. Mwisho nikajifunga leso kiunoni nikasema tutaenda kwa miguu mpaka Changamwe, na huko Mungu atafungua mlango mwengine.

Nikavuta kamba. Sukari akapiga kwato chini, hasogei. Katana akacheka, akanipa ule mfuko wa vipisi. "Mpe kimoja kimoja. Atakufuata mpaka Tanzania."

Kandokando ya barabara kuu

Na kweli alinifuata. Hatua kadhaa, kipisi. Hatua kadhaa, kipisi. Nilijiona fundi. Nilikuwa nikimwimbia ule wimbo wetu wa sadaka, naye anatingisha masikio, wawili sisi tunakwenda vizuri, malori yanatupita yakitupulizia vumbi.

Tatizo ni kuwa hakutosheka na vyangu. Sikuwa nimewahi kuitazama ile kando ya barabara. Mtu ukipita kwenye gari huoni kitu, lakini ukitembea na mbuzi anayependa sigara, utaona. Pale malori yanaposimama kungojea zamu, vipisi vimetapakaa mchangani mpaka huoni mchanga, vipya juu, vya zamani chini. Sukari alikuwa akivifukua kwa pua. Nikimvuta hapa, anakita pale. Kunguru nao walikuwa wakividonoa, mmoja akaruka nacho mdomoni mpaka juu ya mlingoti wa taa, wallahi nilidhani naye ataomba kiberiti.

Dereva mmoja wa kontena alikuwa amekaa kivulini mwa lori lake, akatuona, akaita wenzake. "Mama, huyo mbuzi wako anavuta aina gani?"

"Anavuta yako," nikamjibu, "na akimaliza atakuomba na chai."

Wakaangua kicheko. Mmoja akamrushia kipisi chake kikiwa bado cha moto, na hapo nikakasirika, nikakikanyaga, nikawauliza kama mama zao waliwazaa au waliwaokota. Wakaniomba radhi, tena vizuri, wakanipa na chupa ya maji. Watu wa malori ni watu wazuri ukiwagombeza mapema.

Mbele kidogo nikapata mama mmoja anakaanga viazi vya karai. Nikakaa, nikala, ukwaju wenye pilipili ya kutoa machozi, na maungo yakapumzika. Sukari akanisimamia mbele, mate yanamchuruzika mdomoni mpaka chini.

"Mbuzi wako ana uchu," akasema yule mama.

"Muache, mlafi huyo," nikasema, nikampa kiazi. Hakukitaka. Nikaona ajabu, mbuzi anatokwa mate na chakula hakitaki, lakini viazi vilikuwa vitamu na mimi nilikuwa na njaa, kwa hivyo sikulifikiria sana.

Changamwe: ugomvi mbele ya bucha

Tulipoingia Changamwe miguu ya Sukari ilikuwa inacheza. Si kucheza kwa furaha, ni kule kutetemeka kwa mtu mwenye homa. Nikasema ni jua. Nikamtafutia kivuli, na kivuli cha kwanza nilichokiona kilikuwa chini ya baraza la bucha. Mnaweza kucheka tena.

Mwenye bucha akatoka anajifuta mikono, mzee wa Kimvita mwenye kofia nadhifu. "Karibu mamangu. Umetuletea?"

Nikadhani ananiuliza kama nimeleta habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Yeye akadhani nimekubali. Akachutama, akambonyeza Sukari tumbo, upande huu, upande ule, akatega sikio. Kisha akasimama akanipa bei, na bei yenyewe ilikuwa ya matusi.

"Bei ya nini?" nikauliza.

"Ya mbuzi."

"Mbuzi wa nani? Huyu ni mbuzi wa mahari! Tena ana mimba ya mapacha!"

Akanitazama kwa huruma. "Mamangu, hii si mimba. Mimba haina tumbo gumu hivi. Huyu yuwala takataka. Ntakwambia kweli, mimi nimepasua wengi, hutoka mifuko, hutoka nyuzi, hutoka madude. Mkimbize kwa daktari, au niuzie sasa, maana akishakufa mimi siwezi kumgusa tena."

Loo! Nilivyopandwa na hasira! Nikaona huyu ameona mama mgeni, ana haraka, anataka kumvunjia bei mbuzi wake kwa maneno. Nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Nikasema mengi ambayo mchungaji asiyasome. Watu wakajaa, nusu upande wangu, nusu upande wa bucha. Yule mzee hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu, "Nenda salama mamangu, Mungu akufikishe," akarudi ndani kwenye nyama zake.

Nikavuta kamba, kichwa juu. Sikufika mbali. Sukari alipiga magoti ya mbele, akalala ubavu pembeni ya barabara, ulimi nje.

Nilikaa chini pale pale. Sikujali watu. Akilini nilimwona Mzee Nyale akisimama kutoka kwenye kiti chake na kuingia ndani, nikamwona Mbodze analia, nikamwona Chengo wangu, ambaye hajui kusema maneno mengi, akitazama viatu vyake. Nikalia mimi kabla yao.

Changamwe hadi kivukoni: Mutua

Tuktuk ikapita. Nikainua mkono nikapiga kelele, "Simama mwanangu, nina mgonjwa, nakuomba!"

Kijana akafunga breki, akaruka chini kunisaidia. "Mgonjwa ako wapi, mathe?"

Nikamwonyesha.

Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi. Akajikuna kisogo. "Mathe, huyu ni mbuzi."

"Nimesema ni mtu?"

Jina lake Mutua, mtoto wa Machakos, yuko Mombasa kutafuta riziki. Mungu ambariki popote alipo leo, maana angeweza kuondoka. Alimwinua Sukari kwa mikono yake miwili akampakia kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja yangu, mate yananilowesha gauni nililoshona kwa ajili ya siku ile. Alilalamika mpaka Makupa. Mbuzi akitapika nani ataosha, harufu itatoka lini, abiria wake wa jioni atawaambia nini. Lakini alikuwa akikwepa kila shimo ili mgonjwa asirushwe, nami nilimwona.

Nikampigia Chengo, aliyekuwa ametangulia Timbwani na wazee wetu. Sikumwambia yote, nilisema mbuzi hajisikii vizuri. Simu ikachukuliwa na Mbodze. "Shikamoo mama. Analia? Anatoa povu? Tumbo limevimba?" Maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua. Nilikuwa nimesahau kuwa anauza dawa za mifugo kwenye duka moja huko Likoni. "Mama, usimpe kitu chochote. Nampigia daktari atukute nyumbani."

"Mbodze, mwanangu, mjombako..."

"Mjomba nitamwambia mimi mama. Njoo tu."

Alivyosema "njoo tu", moyo wangu ulitulia kidogo.

Kivukoni: foleni na mvua

Foleni ya magari ilikuwa imejikunja mpaka juu. Feri moja ilikuwa imesimama ng'ambo, watu wanasema imeharibika, wengine wanasema inapumzika. Mutua akazima injini, akatoa sigara. Sukari, mahututi vile, akainua kichwa.

"Mutua, zima hiyo!"

"Mathe, nina presha ya mbuzi wako, niachie nipumue." Akavuta harakaharaka, akakirusha kipisi nje.

Nikamwambia asitupe tena, kuna mbuzi wengine duniani. Akasema ni karatasi tu, itayeyuka na maji. Nikamwambia si karatasi, ni pamba. Tukabishana, yeye karatasi, mimi pamba, mpaka mwenye tuktuk ya mbele akageuka akasema sote hatujui kitu, ni sponji. Sijawahi kuona watu wazima wakigombania uchafu namna ile.

Ndipo mvua ikashuka. Si ndefu, ni ile mvua yetu ya ghafla, inamwaga kisha inakwenda zake. Maji yakateremka ule mteremko kwa kasi kuelekea baharini, na juu ya maji vikaanza kupita vipisi. Cha Mutua kilitangulia. Nyuma yake vikaja vyengine na vyengine, kutoka mitaroni, kutoka chini ya magari, kutoka kule juu stendi, vyeupe na vya rangi ya chungwa, vinaelea vikisukumana. Vikafika ukingoni pale watu wanapopandia feri, vikaingia majini. Maji yalipotulia nilivichungulia. Havikuyeyuka. Vilikuwa vikipanda na kushuka, na visamaki vidogo vilikuwa vikija kuvigusa kwa midomo, vinarudi, vinakuja tena.

Nikamwonyesha Mutua. Akainama, akachungulia. "Basi si karatasi," akasema, akawasha injini maana foleni ilisogea.

Timbwani: langoni

Tulipokata kona ya mwisho niliwaona wote wako nje. Wazee wetu walikuwa wametangulia, wamekaa upande mmoja. Wazee wao upande mwengine. Katikati, kwenye kiti cha plastiki kando ya lango, Mzee Nyale, sigara mdomoni. Ardhi chini ya kiti chake ilikuwa na vipisi vingi, vya siku hiyo na vya siku nyingine.

Mutua akamteremsha Sukari akamlaza nje ya lango. Chengo akataka kumwinua ampeleke uani kivulini.

"Habebwi," akasema Mzee.

"Mjomba, anakufa," akasema Mbodze.

"Naona, mwanangu. Nami sitaki afe. Lakini habebwi."

Basi daktari alipofika na bodaboda, msichana mdogo wa bara mwenye glavu mfukoni na mkoba mgongoni, ilibidi afanye kazi yake pale pale barabarani. Alimpapasa Sukari, akaniuliza amekula nini. Wazee wote wakanigeukia. Nikatoa mfuko wa Katana, ulikuwa umebaki robo, nikamwambia kwetu tumbaku ni dawa ya minyoo, na nimekuwa nikimvutia nao tangu Miritini. Hakunicheka. Alisema tumbaku kidogo ni jambo moja, haya ni mengine kabisa, na kwamba asipompasua sasa hivi hatuna mbuzi.

Akampiga sindano, akasubiri, akamnyoa ubavu wa kushoto, akampiga sindano za ganzi. Mutua akaambiwa ashike miguu ya nyuma. "Mimi ni dereva tu," akasema, lakini akashika. Shangazi yake Mbodze akaleta beseni kubwa, lile lililokuwa limeandaliwa la kuoshea mchele. Mimi nilikishika kichwa cha Sukari nikamfunika macho kwa leso yangu.

Sitawaeleza jinsi alivyopasua, mwengine wenu atakuwa anakula. Nitawaambia kilichotoka. Alitia mkono, akatoa konzi ya vipisi. Akatia tena, konzi nyengine. Vilikuwa vimeshikana, vimekolea rangi ya majani, lakini kila kimoja kilikuwa kizima, ungeweza kukichambua ukakihesabu. Vyengine vilikuwa vimekaa humo miezi, maana karatasi ya nje ilikuwa imekwisha zamani na kile cheupe kiko vile vile. Beseni likajaa. Watoto wa mtaa waliokuwa wakipiga kelele wakasogea kuchungulia.

"Lakini hii ni pamba," nikasema. Nilisema polepole, nikitaka anijibu kuwa ndiyo.

"Si pamba, mama. Ni plastiki, wameifanya nyuzi. Haisagiki tumboni. Haiozi mchangani, haiozi baharini. Na ile sumu ya tumbaku inabaki humo, ikilowa inatoka. Ndiyo iliyomtoa povu."

"Na mapacha?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Hakukuwa na mapacha. Mzee wa bucha alisema kweli, nami nilimwita tapeli mbele za watu. Nilipokuwa narudi Kisauni nilizunguka mpaka Changamwe kumwomba radhi, akanipa mfupa wa supu, lakini hiyo ni habari nyengine.

Daktari akamshona. Shangazi akainua beseni akaenda nalo kwenye mtaro.

"Usimwage hapo!" akapiga kelele daktari. "Mtaro huu unaenda wapi?"

"Baharini. Uende wapi tena?"

Kutoka jikoni ilikuwa ikija harufu ya samaki wa kupaka, nazi na ukwaju, samaki waliovuliwa asubuhi pale pale chini. Shangazi alisimama na beseni lake. Halafu akarudi akaliweka kando ya lango, akalifunika kwa sinia.

Tukangoja. Daktari alisema mbuzi ataamka au hataamka. Jua likateremka, chakula kikapoa, mzee mmoja wa upande wao akaanza kusema kuwa pengine tuagane, tupange siku nyengine. Chengo akatazama viatu vyake. Mbodze akaja akakaa chini mavumbini kando yangu, na nguo yake ya sherehe, akaweka mkono juu ya shingo ya Sukari. Nilitaka kumwambia kuwa hata mambo yakiharibika yeye ni mwanangu, lakini nikaishia kumpangusa vumbi nguoni. Mzee Nyale naye hakutoka kitini. Alikuwa akivuta tu, moja baada ya nyengine, na macho yake hayatoki kwenye beseni.

Akamaliza aliyokuwa nayo. Akaikanyaga kwa kiatu, kwa mazoea tu, akaiacha pale chini langoni.

Sukari akainua kichwa. Pua ikatikisika. Akakunja miguu ya mbele, akaanguka, akakunja tena, na huyo, akasimama, ubavu umenyolewa, nyuzi zinaning'inia, anayumba. Wanawake wakaanza vigelegele kabla ya wakati wake. Akachukua hatua moja. Nikaona anakoelekea, nikapiga yowe.

"Mzee! Kipisi!"

Mzee Nyale ni mtu mzima, magoti yake yana shida, kusimama tu huwa ni kazi. Siku ile nilimwona akijitupa chini kutoka kwenye kiti, magoti yote mawili mchangani, akakipokonya kile kipisi mdomoni mwa mbuzi akakifumbata. Sukari akanusa ngumi. Mzee akaivuta. Sukari akaifuata. Mzee akasimama kwa tabu, akarudi nyuma hatua moja, na Sukari akaja hatua moja. Hapo Mzee akatambua lango liko wapi na mbuzi yuko wapi. Akaendelea kurudi nyuma, ngumi mbele, pole pole, na mbuzi wetu akaivuka ile njia ya lango akaingia uani kwa miguu yake minne.

"Ameingia," akasema Mzee. Sauti ilimkatika. Akakohoa, akasema tena kwa nguvu wote wasikie, "Mbuzi wangu ameingia. Karibuni ndani."

Nililia kama mtoto. Chengo alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hajafanya tangu alipoota ndevu. Mutua alikuwa akipiga vigelegele pamoja na wanawake, na alikaa akala samaki sahani mbili. Daktari alisema Sukari akipona vizuri anaweza kubeba mimba ya kweli, na Mzee akamwambia atabebea hapa hapa.

Kabla ya mazungumzo mchungaji wao akasimama akatuomba tushikane mikono tuombe. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Nyale. Nikamtolea mkono wangu. Yeye akanitazama, akautazama mkono wake wa kulia, ambao bado alikuwa ameufumba. Aliangalia uani, akaangalia mtaroni, akaangalia kule beseni lilipo, akakosa pa kukiweka kile kipisi. Basi nikaishika ngumi ile ile, ya moto, imejaa jasho, tukaomba hivyo hivyo mpaka amina.